Je, Uadilifu Unalipa? Brazil Mbele ya Televisheni, Saa Mbili Usiku



Nimeombwa nizungumzie tamthilia ya televisheni, nami nimechagua moja tu: Vale Tudo ya Brazil, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Kila Kitu Ruksa. Ilianza kuonyeshwa tarehe 16 Mei 1988, ikamalizika tarehe 6 Januari 1989, baada ya sehemu 204. Iliandikwa na watu watatu, Gilberto Braga, Aguinaldo Silva na Leonor Bassères, na mwongozaji wake mkuu alikuwa Dennis Carvalho.

Nimeichagua kwa sababu kwa karibu miezi minane, siku sita kwa juma, iliwauliza mamilioni ya watu swali moja: katika nchi hii yetu, mtu anapata nini kwa kuwa mwadilifu? Wako wanaoamini kwamba tamthilia ni ya kupotezea muda, na kwamba mambo mazito yana mahali pake, bungeni, misikitini na makanisani, magazetini. Mimi siamini hivyo. Naamini kwamba hadithi ya kila usiku ni mahali halali pa taifa kujadili maadili yake, mradi mtunzi athubutu kuuliza swali ambalo nchi yenyewe bado haijalimaliza.

SAA YENYEWE

Tuanze na chombo. Wabrazili huziita tamthilia hizi novela, na katika kituo cha Globo, kilichoanza kurusha matangazo Rio de Janeiro tarehe 26 Aprili 1965, kila saa ya jioni ina novela yake. Saa kumi na mbili huwa ni mapenzi, mara nyingi ya zama zilizopita. Saa moja huwa ni vichekesho. Hufuata taarifa ya habari, Jornal Nacional, ambayo imekuwapo tangu tarehe 1 Septemba 1969. Habari zikiisha, ndipo huingia novela kuu, ile iliyojulikana kwa miongo mingi kuwa novela ya saa mbili. Tangu 2011 inaitwa ya saa tatu, kwa kuwa ratiba ilikuwa imesogea.

Mpangilio huo una maana kubwa. Mtu aliyemaliza kusikia habari za waziri, za bei ya mchele na za mgomo wa wafanyakazi habanduki kwenye kiti. Papo hapo anaingia katika nyumba ya watu wa kubuni wanaonunua mchele uleule na kumlaani waziri huyohuyo. Ni baraza la nje ya nyumba baada ya magharibi: habari za mchana hutolewa kwanza, kisha maisha ya watu hujadiliwa, na hakuna anayejua mpaka uko wapi.

Novela ina tabia nyingine mbili zinazoitofautisha na tamthilia ndefu za Marekani. Ya kwanza, ina mwisho. Hudumu miezi sita hadi minane, kisha hufungwa, na kila anayeitazama anajua kwamba hesabu italipwa siku fulani. Ya pili, huandikwa huku inaonyeshwa. Mtunzi huwa ametangulia mbele ya watazamaji kwa majuma machache tu. Idadi ya watazamaji hupimwa kila siku na shirika la Ibope, barua hufika, magazeti huandika, na mhusika aliyepangiwa kazi ndogo anaweza kukua, au kuuawa, kwa sababu ya jinsi nchi ilivyompokea. Ndiyo maana Brazil humtambua mtunzi wa novela kwa jina, jambo lililo nadra katika televisheni ya nchi nyingi. Mtunzi huyo na watu wake wanasemezana usiku kwa usiku.

MAMA NA BINTI

Sasa hadithi. Raquel Accioli, aliyeigizwa na Regina Duarte, anaishi Foz do Iguaçu, mji wa mpakani uliojaa magendo. Baba yake alikuwa mtu wa forodha asiyepokea rushwa, na akafa akiwa hana utajiri wa kuonyesha kwa uaminifu huo. Alichoacha ni nyumba, na nyumba imeandikwa jina la mjukuu, Maria de Fátima, binti wa Raquel, aliyeigizwa na Gloria Pires. Binti anaiuza nyumba kwa siri, anachukua fedha zote, anakimbilia Rio kutafuta maisha ya kitajiri. Mama anabaki hana pa kulala.

Raquel anamfuata. Rio anaanzia chini kabisa, anauza sandwichi ufukweni, anatembea mchangani na kikapu chake akiita wateja. Polepole biashara inakua hadi kuwa kampuni ya chakula iitwayo Paladar. Fátima naye anapanda kwa njia yake: anashirikiana na kijana mlaghai aitwaye César, anamnasa Afonso, kijana wa ukoo wa Roitman wenye shirika la ndege, na anaolewa. Katika tukio ambalo Wabrazili hawajalisahau hadi leo, mama anamkabili binti yake na kulichana gauni lake la harusi.

Tazameni jinsi watunzi walivyolipanga swali lao. Mama na binti wametoka nyumba moja na meza moja. Umaskini wao ni uleule. Kwa hiyo mtazamaji hawezi kusingizia malezi wala dhiki. Kilichobaki ni uchaguzi wa mtu. Na watunzi hawakumfanya Fátima mjinga. Walimpa hoja. Anamwambia mama yake, usiku baada ya usiku, kwamba babu alikuwa mwaminifu na akafa hana kitu. Kwamba wenye magari makubwa hawakuyapata kwa kuuza sandwichi. Mtazamaji aliyekaa nyumbani na mshahara usiofika katikati ya mwezi aliisikia hoja hiyo na kujua kwamba haikutungwa hewani.

Kisha yuko Ivan, mwanamume anayempenda Raquel, aliyeigizwa na Antonio Fagundes. Mkoba wenye dola 800,000, fedha zinazotoroshwa na meneja wa shirika la ndege, unaangukia mikononi mwao. Je, warudishe? Fedha za mwizi zina mwenyewe? Raquel anashikilia zirudishwe. Ivan anasita. Huyu Ivan ndiye mhusika ninayemheshimu zaidi katika kazi hii, kwa kuwa wengi wetu tuko mahali alipo yeye, katikati ya mama na binti. Baadaye, akiwa amepata cheo, anatoa hongo ili mambo ya kampuni yaende, anakamatwa na kufungwa. Wezi wakubwa wako nje. Aliyeteleza mara moja yuko ndani. Watunzi walijua sana nchi yao inavyofanya kazi.

Na juu ya wote yuko Odete Roitman, mama wa ukoo, aliyeigizwa na Beatriz Segall. Anaishi Paris, anaidharau Brazil na watu wake, na anasema wazi yale ambayo wenye nacho huyasema milango ikiwa imefungwa. Amemwacha binti yake mwenyewe, Heleninha, aamini kwa miaka mingi kwamba ndiye aliyemwua kaka yake katika ajali ya gari, hali aliyekuwa kwenye usukani ni Odete. Heleninha, aliyeigizwa na Renata Sorrah, anazama katika ulevi kwa hatia isiyo yake. Hapo uongo mkubwa wa tamthilia unaonekana kuwa hauko katika fedha peke yake. Umeingia chumbani, kati ya mzazi na mtoto.

MWAKA 1988

Swali la Vale Tudo lilipata nguvu kutokana na mwaka wake. Jeshi la Brazil lilipindua serikali mwaka 1964 na kutawala hadi 1985. Watu walipodai utawala wa kiraia walidhani uovu utaondoka na magwanda. Haukuondoka. Mpango wa kudhibiti bei uliotangazwa mwaka 1986 ulianguka, na mwaka 1988 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 980. Maana yake ni kwamba aliyeweka akiba kwa uaminifu aliiona ikiyeyuka, na aliyekuwa na dola alicheka. Katika uchumi wa namna hiyo, mtu mwadilifu huadhibiwa kila asubuhi anapokwenda dukani.

Mwaka huohuo, tarehe 5 Oktoba, Brazil ilipata katiba mpya. Na tarehe 13 Mei, siku tatu kabla ya sehemu ya kwanza ya Vale Tudo, nchi ilitimiza miaka 100 tangu sheria ya kukomesha utumwa. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana tamthilia yenyewe haikulizungumza inavyostahili.

Wimbo wa kufungulia ulikuwa Brasil, ulioimbwa na Gal Costa na kutungwa na Cazuza pamoja na wenzake. Kila usiku, kabla mtu hajasema neno, jina la nchi lilikuwa limeshatajwa. Mtazamaji hakuachiwa nafasi ya kudhani kwamba mambo haya ni ya familia moja ya Rio.

MKASI WA SERIKALI

Vijana wanaotaka kuandika wajue kwamba uhuru wa kuuliza hivyo uligharimiwa. Mwaka 1975 Globo iliandaa novela iitwayo Roque Santeiro, ya mtunzi Dias Gomes, mkomunisti aliyekuwa akifuatiliwa na dola kwa miaka. Ilihusu mji uitwao Asa Branca unaoishi kwa kuuza sifa za shujaa aliyekufa akiutetea. Halafu shujaa anarudi, mzima, na wakubwa wa mji wanaona hasara ya ukweli. Tarehe 27 Agosti 1975, siku ileile ilipotakiwa kuanza, serikali ya kijeshi iliipiga marufuku. Sehemu nyingi zilikuwa zimesharekodiwa. Kituo kililitangaza zuio hilo kwenye taarifa yake ya habari, kikajaza pengo kwa muhtasari wa novela ya zamani. Roque Santeiro ilisubiri miaka kumi. Ilionyeshwa mwaka 1985, wanajeshi walipokwisha ondoka, na Brazil nzima ikaitazama.

Hata mwaka 1988 mkasi ulikuwa bado unakata. Ndani ya Vale Tudo kulikuwa na wanawake wawili, Cecília na Laís, walioishi pamoja kama wenzi, na maofisa wa udhibiti waliondoa mazungumzo yao. Cecília alipokufa katika ajali, swali likawa la mirathi: mali aliyoichuma na mwenzake ni ya nani? Ya mwenzake, au ya kaka aliyekuja kuidai? Katiba ya Oktoba ndiyo iliyoufuta udhibiti wa serikali, huku tamthilia ikiendelea. Kazi moja ilianza chini ya mkasi ikamaliza bila mkasi.

NANI ALIMWUA ODETE ROITMAN?

Tarehe 24 Desemba 1988, mkesha wa Krismasi, Wabrazili walimwona Odete Roitman akipigwa risasi bila kumwona aliyempiga. Kwa karibu majuma mawili swali la nani amemwua lilikuwa kwenye mabasi, ofisini, magazetini. Watunzi waliandaa zaidi ya mwisho mmoja ili siri isivuje.

Nataka tukae hapa kidogo. Siku mbili kabla, tarehe 22 Desemba, huko Xapuri katika jimbo la Acre, Chico Mendes alipigwa risasi mlangoni kwake. Alikuwa kiongozi wa wagema mpira waliokuwa wakiutetea msitu wa Amazon dhidi ya wafuga ng'ombe. Mtu anaweza kuwalaumu Wabrazili kwamba waliulizana juu ya kifo cha kubuni huku kifo cha kweli kikiwa mbele yao. Lawama hiyo mimi siipokei yote. Nchi ambayo matajiri walizoea kuua bila kuulizwa ilikuwa inajifunza, kwa sauti kubwa na bila woga, kuuliza nani ameua. Waliomwua Chico Mendes, mfugaji mmoja na mwanawe, walihukumiwa mwaka 1990. Sisemi kwamba tamthilia ndiyo iliyowahukumu. Nasema kwamba kuuliza ni desturi, na desturi huota mizizi kwa kurudiwa.

Jibu lilitolewa katika sehemu ya mwisho. Odete aliuawa na Leila, mke wa Marco Aurélio, yule meneja mwizi. Leila alidhani kwamba aliye nyuma ya mlango ni Maria de Fátima, akiwa na mumewe. Alifyatua risasi, na aliyeanguka akawa mwingine. Mwanamke aliyewaonea wote, aliyekuwa na maadui wenye kila sababu ya kumwua, alikufa kwa makosa. Haki haikuwa na mkono katika kifo chake.

Halafu ukaja mwisho wenyewe. Wahenga wetu wanasema za mwizi ni arobaini. Marco Aurélio alizipita arobaini zake salama. Alipanda ndege ndogo ya binafsi, pamoja na Leila muuaji na fedha alizoiba, na ndege ilipopaa juu ya Rio aliinua mkono dirishani, akaitolea nchi nzima ishara ya tusi. Fátima naye hakwenda jela. Aliolewa na mwanamfalme wa Kiitalia katika ndoa ya hila, César akiwa pembeni. Raquel alibaki Brazil, na kazi yake, na jina lake safi.

Wako waliokasirika. Walitaka wabaya waadhibiwe, maana mtu aliyevumilia miezi minane anaona ana deni la kulipwa. Lakini tufikiri: kama polisi wangemkamata Marco Aurélio uwanjani, Brazil ingelala usingizi ikiamini kwamba mambo yametengenezwa. Mtunzi angekuwa ametoa haki ya bure ambayo nchi haikuwa nayo. Kwa kumwachia aondoke, alimwachia mtazamaji hasira yake, na hasira hiyo ilikuwa mali ya mtazamaji. Na Raquel hakupewa adhabu wala zawadi kubwa ya kumthibitishia kwamba alichagua sawa. Watunzi walikuwa na imani kwamba mtazamaji anaweza kuona thamani ya maisha yake bila kutangaziwa.

Mwaka 1992 Gilberto Braga alirudi na tamthilia fupi, Anos Rebeldes, iliyohusu vijana waliopambana na utawala wa kijeshi. Ilionyeshwa Julai na Agosti, wakati Rais Fernando Collor alipokuwa ametuhumiwa kwa ufisadi. Wanafunzi walimiminika barabarani wakiwa wamejipaka rangi usoni kudai aondolewe, na wachambuzi wengi wa Brazil wamekiona kizazi hicho kikijitazama katika tamthilia ile. Collor alijiuzulu tarehe 29 Desemba 1992.

BARAZA LA NANI?

Ningekuwa nawadanganya kama ningeishia hapo kwa sifa. Baraza lina mwenyewe, na mwenye baraza hili alikuwa Roberto Marinho na kampuni yake. Globo ilikua na kunenepa chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 25 Januari 1984 maelfu kwa maelfu ya watu walipokusanyika São Paulo kudai haki ya kumchagua rais, taarifa yake ya habari iliuhusisha mkutano huo na sherehe za kuzaliwa kwa jiji. Mwaka 1989, katika uchaguzi wa rais, muhtasari wake wa mdahalo wa mwisho ulimpendelea Collor dhidi ya mpinzani wake, Lula. Na gazeti la kampuni hiyohiyo lilikiri mwaka 2013 kwamba kuunga mkono mapinduzi ya 1964 kulikuwa kosa. Kwa hiyo nchi ilipewa ukweli saa mbili usiku katika hadithi, na mara nyingi ikanyimwa ukweli nusu saa kabla yake katika habari. Watunzi kama Dias Gomes na Braga walifanya kazi ndani ya nyumba hiyo wakitumia kila upenyo walioupata. Ujasiri wao ni mkubwa zaidi kwa sababu hiyo, lakini hautufanyi tusahau mwenye nyumba ni nani.

Kasoro ya pili ni ya rangi. Brazil ilipokea zaidi ya Waafrika milioni 4 waliovushwa baharini utumwani, kuliko nchi nyingine yoyote ya Marekani zote mbili. Wengi walitoka Angola na Kongo, na katika karne ya 19 wengi pia walitoka pwani yetu hii ya mashariki, Msumbiji. Katika sensa ya 2022 zaidi ya nusu ya Wabrazili walijitambulisha kuwa weusi au wa rangi mchanganyiko. Lakini tazama novela za miongo ya mwanzo: mtu mweusi ni mpishi, ni dereva, ni mtoto wa mitaani. Mwaka 1969 Globo ilimpaka mwigizaji mzungu masizi ili aigize mtumwa mweusi, Mjomba Tom. Vale Tudo, iliyoanza siku tatu baada ya karne ya ukombozi, iliuliza juu ya uadilifu wa taifa huku weusi wake wachache wakiwa pembezoni mwa hadithi. Mwongozaji Joel Zito Araújo aliyaanika haya yote katika filamu yake ya kumbukumbu, A Negação do Brasil, ya mwaka 2000.

Mabadiliko yalikuja kwa kudaiwa. Taís Araújo, mwigizaji mweusi, alikuwa mhusika mkuu wa Xica da Silva katika kituo cha Manchete mwaka 1996, kisha wa Da Cor do Pecado huko Globo mwaka 2004, kisha mwaka 2009 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza novela ya saa kuu, Viver a Vida. Na mwaka 2025 Globo ilipoitengeneza upya Vale Tudo, kwa kalamu ya Manuela Dias, Raquel alikuwa Taís Araújo. Mama mweusi anayeuza chakula ufukweni na kukataa fedha za wizi: hapo swali la 1988 lilizidi uzito. Mtu ambaye mababu zake waliibiwa kazi yao kwa karne tatu na zaidi ndiye anayetakiwa aeleze kwa nini yeye asiibe.

KUTOKA KIOONI HADI MTAANI

Je, hadithi hizi zinagusa maisha, au watu huzima televisheni na kulala? Jibu liko mitaani. Vale Tudo ilionyeshwa Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Muungano wa Kisovieti ulipokuwa umevunjika na chakula kilikuwa adimu. Wacuba walianza kufungua mikahawa midogo majumbani mwao, na waliiita paladares, kwa jina la kampuni ya Raquel. Serikali ilipoiruhusu kisheria iliiwekea kikomo cha viti 12. Jina liko mpaka leo. Maelfu ya kilomita kutoka Rio, mwanamke aliyeanza na kikapu cha sandwichi aliwapa watu wenye njaa jina la kuanzia. Huko Luanda, Angola, soko kubwa la wazi liliitwa Roque Santeiro, kwa jina la ile novela iliyofungiwa miaka kumi.

Wachumi Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea walichunguza jambo lingine. Uzazi nchini Brazil ulishuka kutoka wastani wa watoto 6.3 kwa mwanamke mwaka 1960 hadi 2.3 mwaka 2000, bila serikali kuendesha sera ya kupunguza uzazi. Walipitia novela 115 za Globo za tangu 1965 hadi 1999, wakakuta kwamba asilimia 72 ya wahusika wakuu wa kike wenye umri usiozidi miaka 50 hawakuwa na mtoto, na asilimia 21 walikuwa na mmoja tu. Kisha wakalinganisha maeneo: matangazo ya Globo yalipofika, uzazi ulipungua, na hasa kwa wanawake maskini. Wazazi walianza pia kuwapa watoto majina ya wahusika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Hakuna mtunzi aliyewaambia akina mama wazae wachache. Waliona maisha ya namna nyingine, kila usiku, na wakayapima na ya kwao.

Sisi Watanzania tuna kipimo chetu wenyewe. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliokusudia kabisa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Eneo la Dodoma liliachwa bila kurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili watafiti walinganishe. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, aliugua na kufa. Mkewe Tunu alijitoa, akaanzisha biashara, akasimama. Mahali mchezo uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko mahali usiposikika. Kazi ile iliokoa maisha ya watu, na naitaja kwa heshima kubwa.

Lakini angalieni tofauti. Twende na Wakati ilijua jibu kabla ya kuanza, na katika jambo la ugonjwa ilikuwa lazima ijue. Mkwaju alipaswa kufa. Vale Tudo iliuliza jambo ambalo hakuna daktari mwenye jibu lake, na hivyo haikuwa na haki ya kujifanya inalo. Tumeizoea mno njia ya kwanza hadi tunadhani kila hadithi lazima imalizike kwa funzo lililokwisha andikwa na mfadhili, na mbaya aangukie shimoni katika dakika ya mwisho. Mtazamaji wetu anajua kwamba mtaani kwake mbaya hakuanguka. Tukimwambia alianguka, anatuona hatumheshimu.

TUNACHOWEZA KUKIDAI

Nawaomba watunzi vijana jambo moja. Watazamaji wetu wamezifuata tamthilia za Meksiko na Venezuela kwa miaka, na leo wanazifuata za Uturuki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Na tamthilia zetu wenyewe zimepata vituo na wapenzi. Hamu ipo. Kabla ya kuandika ukoo wa kitajiri, mirathi na mama mkwe mkali, jiulizeni: nchi hii inabishana nini na nafsi yake ambacho hakijaisha? Labda ni kijana msomi anayemwona mwenzake aliyeacha shule akijenga ghorofa. Labda ni karani wa ardhi anayejua hati ipi ni ya kughushi. Mpeni mbaya hoja nzuri. Mpeni mwema mashaka. Andikeni huku mnaonyesha, msikilize mtaa unasema nini, na msikimbilie kumfunga mwizi ili tulale vizuri.

Nawaomba wenye vituo, na wale walio na mamlaka ya kuzuia, jambo moja pia. Historia ya Roque Santeiro inaonyesha kwamba kufungia hadithi huichelewesha tu. Ikirudi, hurudi na watazamaji wengi zaidi. Nchi inayoruhusu maovu yake yasemwe na wahusika wa kubuni inapata nafasi ya kuyatazama bila kumwaga damu.

Brazil haijawa nchi ya waadilifu kwa sababu ya Vale Tudo. Ufisadi uliendelea, na ndiyo maana swali lilelile liliweza kuulizwa tena mwaka 2025 na kueleweka mara moja. Lakini tangu 1988 hakuna Mbrazili anayeweza kusema kwamba hakuulizwa. Nasi pia tunastahili kuulizwa, kwa lugha yetu, na watunzi wetu, kila usiku. Kazi hiyo ni yenu, na uwezo mnao.